Koki Iliyofunguliwa Mpaka Mwisho

Inspekta alifunga mshumaa kwenye ncha ya waya, akauwasha, akauteremsha shimoni taratibu. Mwali ulishuka umetulia, ukapita vipago vya juu vya ngazi, ukapita bomba nene lililopakwa rangi ya buluu, na ulipofika usawa ambao kifua cha mtu kingefikia kama angesimama chini, ukazimika.

"Gesi bado ipo," alisema Sajini. Alikuwa mtu mzima anayekaribia kustaafu, na alisimama mbali na mdomo wa shimo kuliko kazi ilivyohitaji.

"Ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Ikishaingia humu inatuama kama maji kisimani."

"Basi afande, mimi nitapeleleza nikiwa huku huku juu."

"Hata mimi sishuki," alisema Inspekta, akaanza kuuvuta waya.

Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya tanuri la kiwanda cha saruji, mahali ambapo mabomba ya mradi yalikutana. Mradi ulikuwa wa pande mbili. Kiwanda kilitoa eneo, umeme na dohani yake ndefu. Serikali ikaleta mtambo na wataalamu. Mtambo ulitakiwa kuufyonza moshi wa tanuri, kuichuja hewa ya ukaa kabla haijapanda angani, kuigandamiza, kisha kuisukuma kwa bomba hilo la buluu hadi kwenye tangi, ikisubiri kuzikwa kwenye miamba chini ya ardhi. Jana kamati ya wageni ilikuwa ije kuukagua, na ikiridhika, mitambo mingine ya aina hiyo ingefungwa kwenye viwanda vingine. Wageni hawakufika. Asubuhi hiyohiyo ya jana, kabla ya saa yao, Mkemia wa wizara, aliyekuwa na kazi ya kupima gesi inayonaswa, alikutwa amekufa chini ya shimo.

Maelezo aliyopewa Inspekta na kila mtu kiwandani yalifanana kama yametoka mdomo mmoja. Mkemia alishuka kuchukua sampuli, hakuvaa barakoa ya hewa, akafungua koki, gesi ikamzidi. Uzembe. Bahati mbaya. Barakoa yenyewe ilikutwa imetundikwa vizuri kwenye mkono wa ngazi, mikanda yake imekunjwa.

"Mtu mzembe hutupa," alisema Inspekta. "Huyu alitundika."

Alikuwa na mambo mengine mawili. Watu wa zimamoto, waliomtoa marehemu, walimwambia kwamba koki ya sampuli ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na ilikuwa imeota barafu. Naye daktari alimwonyesha kiganja cha kulia cha marehemu: cheupe, ngozi imekauka na kuungua, lakini si kwa moto. Kwa baridi. Gesi iliyogandamizwa ikitoka kwa kishindo hubeba baridi ya kutisha.

"Wewe ukifungua soda iliyotikiswa, unafunguaje?" alimuuliza Sajini.

"Kidogo kidogo, tena nimeielekeza kwa mwenzangu."

"Na Mkemia, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, alifungua mara moja mpaka mwisho. Twende tukauone huo mtambo."

Mtambo wa kufyonza moshi ulikuwa ubavuni mwa dohani, juu ya jukwaa la vyuma. Walipanda. Tanuri lilikuwa likinguruma kiasi kwamba iliwabidi wasemezane masikioni. Mdomo wa mtambo ulikuwa na wavu wa chuma, mpana kama mlango. Inspekta aliinama, akautazama wavu kwa muda, kisha akamwita Sajini kwa kidole. Pembeni mwa wavu kulikuwa na kiota cha nyigu cha udongo, kimekauka, kina vyumba vingi, na nyigu mmoja alikuwa bado anakishughulikia.

"Mtambo unaofyonza moshi mchana na usiku," alisema Inspekta, "nyigu anajengaje mdomoni mwake?"

"Labda ni nyigu mwenye moyo."

"Au mtambo umelala siku nyingi."

Waliposhuka mpaka mahali wanapoweza kusikilizana, Sajini alikuwa ameshaacha utani. "Kwa hiyo bomba halikuwa na gesi."

"Na Mkemia alilijua hilo. Ndiyo maana alitundika barakoa. Ndiyo maana alifungua koki yote. Hakushuka kuchukua sampuli, alishuka kuthibitisha kwamba bomba ni kavu."

"Lakini gesi ilitoka, afande. Ikamuua."

"Ilitoka. Sasa nataka kujua nani aliiweka mle."

*

Chumba cha kuendeshea mitambo kilikuwa na ubaridi wa kiyoyozi na harufu ya kahawa. Ukutani palikuwa na sanduku la umeme la chuma lenye kufuli mbili, moja nyekundu na moja ya buluu. Meneja wa kiwanda, mwanamume mnene mwenye shati lililolowa kwapani hata kwenye ubaridi ule, alieleza kwamba ndani ya sanduku ndimo zilimo swichi za usalama za mradi. Ile nyekundu ni ya kiwanda, ile ya buluu ni ya wizara. Mkataba uliandikwa hivyo ili upande mmoja usiweze kugusa kitu bila mwenzake kuwepo.

"Mnaaminiana sana," alisema Inspekta.

Mratibu wa mradi, mtu wa wizara, alitabasamu kidogo. Alikuwa mwembamba, nadhifu, na suti aliyovaa ilionekana ilishonwa kwa ajili ya wageni. "Ni utaratibu tu, afande. Ushirikiano mzuri huanzia kwenye utaratibu."

"Fungueni."

Kila mmoja alitoa ufunguo wake, kila mmoja akafungua kufuli yake. Ndani kulikuwa na safu ya swichi, zote zimeinuliwa isipokuwa moja. Chini yake palikuwa na kibandiko: feni na king'ora cha shimo.

"Hii ndiyo feni inayopuliza hewa safi shimoni?"

"Ndiyo," alisema Meneja.

"Na king'ora kinachowasha taa nyekundu gesi ikizidi?"

"Vyote viko kwenye swichi moja."

"Kwa hiyo swichi ikishushwa, taa haiwaki hata gesi ikijaa, na mtu aliye ngazini akiangalia anaona shwari."

Meneja alijifuta paji la uso. "Nadhani umeme ulikatika, ukairusha."

Inspekta aliishika swichi ile kwa leso, akajaribu kuiinua. Ilikuwa ngumu, ya kuvutwa kwa mkono mzima. "Hii hairushwi na umeme. Fyuzi yake iko hapa pembeni, nzima. Hii imeshushwa na mtu."

Kisha Mratibu akasema kwa sauti ileile ya utulivu, "Basi mimi siwezi kuwa nimeishusha. Ufunguo wangu peke yake haufungui sanduku hili."

"Wala wangu," alidakia Meneja.

Inspekta aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akafunga sanduku, akaomba funguo zote mbili, akazitia kwenye mifuko miwili ya ushahidi.

Walipokuwa wakitoka, Meneja alimfuata mpaka kwenye gari. Alisubiri Mratibu apotelee kwenye kona ya jengo.

"Afande, kuna jambo sikutaka kulisema mbele za watu. Juzi marehemu aligombana na shemeji yake pale getini. Walishikana mashati, walinzi wakawaamulia. Shemeji mwenyewe ni dereva, mtu wa hasira, wanamwita Breki kwa sababu hana. Mambo ya kifamilia, sijui."

"Bwana Meneja, ulisema hii ni ajali."

"Ndiyo."

"Kama ni ajali, shemeji wa nini?"



*

Nyumba ya marehemu ilikuwa na watu wengi na kelele kidogo. Mjane alikuwa ameketi chumbani na dada zake. Alikuwa mwalimu, na hata katika hali ile alijibu maswali kwa sentensi zilizonyooka. Inspekta alimpa pole, akaketi chini kando yake.

"Nisamehe, dada. Nitauliza machache. Mume wako alikuwa mtu wa namna gani kwenye mambo ya hatari?"

"Mwoga," alisema mjane. "Jiko la gesi nikishazima, yeye ananyanyuka kitandani kwenda kuangalia. Nilikuwa namwambia ameoa jiko, hakunioa mimi." Akainamisha macho. "Wakisema alikuwa mzembe, siwaelewi wanamsema nani."

"Asubuhi ile alikuwaje?"

"Alikuwa na furaha. Wiki zote alikuwa amenuna, hasemi, hali chakula vizuri. Asubuhi ile akaniambia amemaliza kumweleza bosi wake kila kitu, na bosi amemwambia akapime mara ya mwisho, akiona vilevile watawaeleza wageni ukweli. Akaniambia, leo nautua mzigo."

"Bosi yupi?"

"Wa wizara. Mratibu."

"Na huyu kaka yako, inasemekana waligombana."

Mjane aliinua macho. "Muulize mwenyewe, yuko nje. Waligombana, ndiyo, na hawakuwahi kupatana. Jambo hilo linamla. Tangu jana hajatia kitu mdomoni."

Breki alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya dirisha, mikono mikubwa imelala mapajani. Sajini alikuwa tayari karibu yake, amempa maji ambayo hayakunywewa. Inspekta alibaki amesimama.

"Unaendesha gari gani?"

"Lori la tangi. La gesi."

"Gesi gani?"

"Ile inayotiwa kwenye soda. Kampuni yetu inauza kwenye viwanda vya vinywaji."

Inspekta na Sajini hawakutazamana.

"Juzi mligombania nini getini?"

Breki alivuta pumzi. "Nilikuwa naingia na mzigo. Nimeupeleka pale mara kadhaa, miezi hii. Siku zote tunapeleka giza likishaingia, juzi tukaambiwa tupeleke mchana. Shemeji akaniona. Akasimamisha lori. Akaniuliza, shemeji, hiki kiwanda kinatengeneza gesi mpaka kinatafuta pa kuizika, wewe unawaletea gesi ya nini? Nikamwambia mimi ni dereva, naambiwa peleka, napeleka. Akasema, geuza lori. Nikasema sigeuzi. Akapanda kuchukua ufunguo, nikamsukuma." Alikitazama kiganja chake. "Nilimsukuma, afande. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho."

"Jana asubuhi ulikwenda tena?"

"Nilirudi na mzigo wa pili. Walisema tangi lijae kabla wageni hawajafika."

"Ulimimina wapi?"

"Hapo ndipo walinibadilishia. Siku zote tunaunga mpira kwenye tangi, kule juu. Jana yule bwana wa suti akanisubiri getini mwenyewe, akapanda na mimi kwenye lori. Akanielekeza nisiende kwenye tangi, niunge kwenye mdomo wa bomba la chini, lile la buluu. Akasema tangi limeshapakwa rangi, wageni watapanda kuliangalia, nitalichafua."

"Meneja alikuwepo?"

"Alikuja baadaye, wakaongea pembeni, wakaondoka pamoja kuelekea ofisini. Waliporudi yule bwana akaniambia, haya, fungua."

"Ukafungua."

"Nikafungua. Nikajaza, nikaondoka. Nikiwa barabarani dada akanipigia simu."

Alisema hayo yote kwa sauti moja, bila kuunganisha. Inspekta aliona kwamba bado hajaunganisha. Alimshukuru, akamwomba asisafiri, akaondoka.

Waliingia kwenye gari, wakashika njia kuu.

"Yeye ndiye aliyeifungulia," alisema Sajini.

"Ndiyo."

"Na hajui."

"Hajui."

*

Inspekta aliwaita Meneja na Mratibu kituoni mchana ule, akawaweka vyumba tofauti. Alianza na Mratibu, kwa sababu alijua hatapata kitu. Mratibu alisikiliza haki zake, akakunja mikono, akasema atamsubiri wakili. Aliongeza jambo moja tu, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto: ufunguo wake peke yake haufungui sanduku.

Meneja alikuwa ameachwa peke yake kwa muda mrefu, na kile chumba hakikuwa na dirisha. Inspekta aliketi mbele yake, akaiweka mezani mifuko miwili, mmoja na ufunguo wa kufuli nyekundu, mwingine na wa ile ya buluu.

"Bwana Meneja, leo asubuhi uliniambia ufunguo wako peke yake haufungui."

"Ni kweli."

"Mwenzako naye kaniambia hivyohivyo, mara mbili. Nyote mnadhani jambo hilo linawatoa. Mimi naona linawaingiza. Kama ufunguo mmoja ungetosha, ningelazimika kutafuta ni wa nani. Sasa sina haja. Swichi imeshushwa, na haiwezi kushushwa mpaka muwepo wote wawili. Dereva amewaona mkiondoka pamoja na kurudi pamoja."

Meneja aliziangalia funguo.

"Na sasa mwenzako anamsubiri wakili," aliendelea Inspekta. "Wakili wa wizara. Wewe unadhani huyo wakili atakuja kumtetea nani?"

Meneja alianza kulia kabla ya kuongea, akilia kimyakimya, machozi yakishuka tu kwenye shavu lililonyolewa jana kwa ajili ya wageni.

"Mtambo ulifanya kazi, afande. Naomba uandike hivyo. Mwanzoni ulifanya kazi kweli. Niliiona gesi ikitoka kwenye moshi wangu mwenyewe, moshi ambao watu wa mtaa wa pili wanaulalamikia tangu nimeajiriwa. Nililia siku ile pia. Halafu kikaharibika kifaa kimoja. Tukaagiza. Tukaambiwa kiko njiani. Wizara ikadai taarifa, Mratibu akasema tukisema mtambo umekufa watafunga mradi, tujaze tangi mara moja tu, kipuri kikifika tutaendelea. Mara moja ikawa mbili."

"Na Mkemia?"

"Aligundua. Alimwendea Mratibu, hakuja kwangu. Alitaka kupima bomba ili awe na ushahidi. Mratibu akasema hakuna tatizo, tumpe gesi aikute. Akiikuta, atadhani amekosea, atanyamaza. Feni tukaizima kwa sababu ikipuliza, kipimo kinashuka. Tulitaka kisomeke vizuri." Alimtazama Inspekta kwa mara ya kwanza. "Tulijua atavaa barakoa. Yule bwana hakuwahi kushuka bila barakoa. Kila siku tulikuwa tunamcheka. Nani angejua kwamba siku ile moja hatavaa?"

"Mlikuwa na mtu anayeamini bomba halina kitu," alisema Inspekta. "Mkalijaza. Mkazima taa ambayo ingemwambia. Kisha mkamwacha ashuke."

"Hatukutaka afe."

"Hilo utamweleza hakimu. Mimi naandika mlichofanya."

Aliandika. Meneja akasoma, akatia sahihi. Katika chumba cha pili, Mratibu alipoelezwa kwamba mwenzake ameshazungumza, aliomba glasi ya maji, akainywa yote, akarekebisha tai yake. Wote wawili walipelekwa mahabusu.

*

Jua lilikuwa bado halijazama Inspekta alipoegesha gari tena mbele ya nyumba ya marehemu. Sajini hakuteremka mara moja.

"Afande, si lazima tumwambie sisi. Litatoka mahakamani."

"Litatoka mbele ya watu, kwa mdomo wa wakili, na atakuwa amesimama kizimbani kama shahidi. Ukiwa wewe, ungependa kulisikia hivyo?"

Sajini alifungua mlango.

Breki alikuwa palepale kwenye benchi, na dada yake alikuwa ametoka nje kuketi naye. Inspekta aliwaambia wote wawili. Alianza na mtambo uliokufa, akaja kwenye tangi la kujazwa, akaja kwenye swichi na watu wawili waliokuwa na funguo. Hakuharakisha alipofika kwenye bomba la buluu. Alieleza kwamba wakati lori linamimina, Mkemia alikuwa anajiandaa kushuka upande wa pili wa tanuri, na kwamba kutoka pale liliposimama lori, shimo halionekani.

Breki alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, polepole, "Kwa hiyo ile niliyoifungua mimi ndiyo iliyomuua?"

Inspekta angeweza kusema kwamba waliomuua wako mahabusu, na ingekuwa kweli. Lakini swali halikuwa hilo.

"Ndiyo," alisema. "Na wewe hukuambiwa kwamba kuna mtu atakayefungua bomba lile. Waliojua ni wengine. Nimeandika hivyo kwenye maelezo, na nitasema hivyo mahakamani."

Breki aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa maelekezo ya njia. Akasimama. Alipapasa mifuko akitafuta funguo, akakumbuka lori limeshikiliwa na polisi, akasimama vivyo hivyo, hajui aelekee wapi. "Mimi siwezi kukaa kwenye nyumba hii," alisema, bila kumtazama dada yake. "Nitawezaje kukaa humu?"

Uso wa mjane ulikuwa umekauka, na mikono yake ilikuwa imeushika ukingo wa benchi. Inspekta alimwona akimwangalia kaka yake kwa jicho ambalo hakuweza kulisoma, na kwa kitambo hakujua kama atamfukuza au atamzuia.

Kisha mjane alijisogeza kidogo, akaacha nafasi pembeni yake.

"Kaa," alisema. "Hujala tangu jana."